Kula mtaani Copenhagen kwa bei nafuu: mwongozo wa mgeni mwenye bajeti ndogo

Kama unakuja Copenhagen kwa kozi ya Danida (shirika la misaada la Denmark), kwa mkutano, au ndege yako inalala hapa na umeamua kutoka uone mji, kitu cha kwanza utakachoambiwa ni kwamba mji huu ghali. Ni kweli ghali, sibishi, kodi ya ongezeko la thamani peke yake ni asilimia 25 na Denmark hawajapunguza kwenye chakula kama nchi nyingi za Ulaya zilivyofanya, yaani mkate unakatwa kodi ile ile ya televisheni. Lakini mji huu una watu wanaosafisha maofisi, wanaoendesha mabasi, wanafunzi, wakimbizi waliofika juzi, na wote wanakula kila siku na wanashiba, wala hawali kwa bei zile unazoziona zimeandikwa kwa chaki pale bandarini. Wao wanajua mtaa gani na wanajua saa ngapi, basi. Ukishajua hivo viwili unakula vizuri tu.

Hatua ya 1: Jua hela yao kabla tumbo halijaanza kudai

Hapa hawatumii euro, wanatumia kroner. Kroner 100 ni kama euro 13 na nusu hivi, na haipandi wala kushuka sana kwa sababu wameifungamanisha na euro, kwa hiyo hesabu ukiishika leo itakusaidia na mwakani. Bei unayoiona ubaoni ndio bei utakayolipa, kodi imeshaingizwa humo, na hakuna anayetegemea umuachie bakshishi.

Mimi nagawa hivi: chakula cha mkononi chini ya kroner 50 ni rahisi kwa mji huu, 50 hadi 75 ni haki, ikivuka 100 ujue unalipia kiti na mandhari. Bei zinasogea kila mwaka kwa hiyo zichukue kama kipimo tu.

Kadi ya benki ni muhimu kuliko noti, kuna vibanda na migahawa haipokei kabisa pesa taslimu. Utaona pia wenyeji wanalipa kwa MobilePay kwenye simu, hiyo wewe mpitaji sahau, mpaka uwe na namba ya simu ya kule.

Hatua ya 2: Piga picha Nyhavn, alafu ondoka

Nyhavn ni ule mfereji wenye nyumba za rangi rangi na mashua za mbao, ulichimbwa miaka ya 1670 wakati wa mfalme Christian wa tano, na kweli unapendeza, nenda ukauone. Ila usikae chini. Sahani moja pale inaweza kula bajeti yako ya siku nzima na soda ikamalizia chenji.

Sisi tuliokulia Mombasa, Tanga, Unguja, tunafika bandari yoyote tukitafuta moshi wa pweza na mishikaki, tunaamini karibu na maji ndiko samaki wa bei chee aliko. Copenhagen imegeuka kinyume. Zamani kweli wanawake walikuwa wanauza samaki palepale ukingoni Gammel Strand, na sanamu ya muuza samaki mmoja ipo mpaka leo imesimama na kilemba chake cha kichwani, lakini soko lenyewe lilishaondoka na kando ya maji pamebaki pa watalii na wenye nyumba za gharama. Hivo kanuni ya mji huu ni kwamba kadri unavyoupa mgongo maji, ndivyo bei inavyoshuka.

Ukivuka daraja la waenda kwa miguu na baiskeli, Inderhavnsbroen, utakuta Broens Gadekøkken, vibanda vya chakula kando ya maji. Msosi mzuri, nausifu, ila bei yake ni ya matembezi ya wikiendi. Hapo sio pa kula kila siku.

Hatua ya 3: Anza na kigari cha soseji

Hiki ndio chakula halisi cha mtaani cha Copenhagen na kipo toka 1921, vigari vidogo vinaitwa pølsevogn, zamani vilikuwa vinasukumwa kwa mkono asubuhi na kurudishwa usiku. Siku hizi vimepungua lakini vipo, angalia Rådhuspladsen mbele ya ukumbi wa jiji, karibu na stesheni kuu, na kwenye mitaa ya waenda kwa miguu ya Strøget. Hotdogi moja ni kati ya kroner 35 na 50 hivi kutegemea kigari na aina.

Unachoagiza ni "ristet hotdog med det hele", yaani soseji ya kuchoma kwenye mkate na kila kitu juu: kechapu, haradali, remulade (ile sosi ya njano yenye vipande vya achari), kitunguu kibichi, kitunguu cha kukaanga kilichokauka kikawa kama chipsi, na matango ya achari yaliyokatwa membamba juu kabisa. Usianze kuondoa ondoa vitu mara ya kwanza, mwache akupangie zote maana utamu uko kwenye kuchanganyika, kile kitunguu kinachovunjika mdomoni na tango lenye siki na sukari ndio vinafanya soseji ya kawaida iwe chakula. Kuna pia "fransk hotdog", mkate umetobolewa katikati soseji ikazamishwa na sosi, hiyo nzuri kama unatembea huku unakula maana haimwagiki. Na kuna soseji nyekundu kabisa, "rød pølse", hiyo inachemshwa, mkate unapewa pembeni.

Sasa hapa Waislamu na wote wasiokula kitimoto nisikilizeni vizuri. Soseji nyingi za vigari hivi ni za nguruwe, na hiyo nyekundu ndio kabisa. Muuzaji hatakuambia kama hujauliza, sio kwamba anaficha, kwake yeye soseji ni nguruwe na hakuna cha kueleza. Uliza wazi: "svin" ni nguruwe, "okse" ni ng'ombe, "kylling" ni kuku. Na wanazungumza Kiingereza karibu wote, usione aibu kuuliza. Hata ukiambiwa ni ng'ombe kumbuka inachomwa kwenye bamba lile lile, kwa hiyo kama unashikilia halali kwa dhati hii hatua iruke, twende Nørrebro, huko utakula bila wasiwasi. Au tafuta kigari kinachoitwa DØP, kimoja kiko chini ya mnara wa Rundetårn kingine karibu na kanisa la Helligånd, wanatumia vyakula vya kilimo hai na wana ya mboga, ila bei iko juu kidogo.

Kama hela imekauka kabisa na uko upande wa kusini wa stesheni kuu, IKEA walifungua duka katikati ya mji mwaka 2023, hapo Dybbølsbro jirani na maduka ya Fisketorvet, na kama IKEA zote wanauza hotdogi kwa bei ya kutupa, ikiwemo ya mboga. Haina historia yoyote lakini inashikilia tumbo.

Hatua ya 4: Panda basi 5C, shuka Nørrebrogade

Kama mwongozo huu ungekuwa na hatua moja tu ningekuandikia hii. Nørrebro ni mtaa wa wafanyakazi tangu enzi, alafu kuanzia mwishoni mwa miaka ya sitini wakaja Waturuki, Wapakistani na watu wa Yugoslavia kufanya kazi viwandani, miaka ya themanini wakafuata Wapalestina kutoka Lebanon, Wairaki, Wairani, baadaye Wasomali, na kila kundi lilipofika likawasha jiko. Matokeo yake ni kwamba kutoka kwenye daraja la Dronning Louises Bro ukinyoosha na Nørrebrogade mpaka stesheni ya Nørrebro unapita duka baada ya duka la shawarma, falafeli, pide (mikate ya Kituruki yenye nyama au jibini juu), mikate ya tanuru, peremende za lozi na shira, na yanashindana kwa bei kwa sababu wateja wao ni majirani wanaorudi kila siku.

Unaingiaje? Soma ubao wa dirishani, tafuta shawarma au falafeli "i pita" au "durum" (hiyo ni ya kuzungushiwa kwenye chapati nyembamba, kubwa zaidi). Falafeli huwa ndio rahisi kuliko vyote, shawarma ya kuku au ng'ombe inafuata, na mara nyingi unamaliza chini ya kroner 70 ukiwa umeshiba mpaka jioni. Watakuuliza sosi, sema zote mbili, ya kitunguu saumu na ya pilipili, na pilipili yao kwa mtu aliyezoea pilipili mbuzi wala haitishi kwa hiyo omba "stærk", kali. Angalia nyama inavyokatwa, kama inatoka kwenye mshikaki mkubwa unaozunguka mbele yako na foleni ipo, hapo umefika. Kama imeshakatwa imelala kwenye bakuli inapashwa, nenda la mbele, hatua ishirini tu kuna jingine. Foleni ya vijana wa mtaa na madereva teksi naiamini kuliko nyota za mtandaoni.

Usiishie barabara kubwa tu. Blågårdsgade na vichochoro vinavyotoka pale vina mikate ya kuoka ya Kiarabu yenye zatari (majani makavu ya kunukia na ufuta) au jibini, inaliwa moto, bei yake chini ya hotdogi. Ukisogea mbele zaidi kuelekea mtaa wa Nordvest ndiko bei zinashuka tena. Kuna Wasomali wengi upande huo, waulize watu wanapokula wali na nyama ya mbuzi, utapewa sahani yenye ndizi pembeni kama inavyotakiwa, inashibisha wawili wasio na tamaa, na usishangae ukisalimia kwa Kiswahili ukajibiwa, maana wengi walipitia Nairobi au Mombasa kabla ya kufika huku.

Pa kukalia hakuna shida. Chukua chakula chako nenda darajani Dronning Louises Bro jua likiwepo, nusu ya mji inakaa pale kwenye benchi bila kulipa chochote. Au bustani ya Superkilen yenye vitu vilivyoletwa toka nchi nyingi duniani. Hata makaburi ya Assistens, alikozikwa H.C. Andersen, yule mwandishi wa hadithi za watoto, wenyeji wanatandika shuka wanapumzika sehemu zilizotengwa kwa ajili hiyo, kwetu ni jambo geni na kama roho haikutumi usiende, lakini sio kosa kule.

Metro pia inafika, ile njia ya duara M3 iliyofunguliwa 2019 ina kituo Nørrebros Runddel na kingine Nørrebro. Mimi napendelea basi kwa sababu unaona maduka dirishani unashuka unapopenda.

Hatua ya 5: Mchana kula wanachokula mafundi

Mji huu chakula cha mchana ni mkate mweusi wa rai (nafaka inayofanana na ngano), mzito, umewekwa kitu juu, unaitwa smørrebrød. Migahawani wanaurembesha wanauza kwa bei ya harusi, lakini kuna maduka madogo ya kuchukua na kuondoka, mafundi wa ujenzi na watu wa ofisi wanapita asubuhi na mchana wanafungiwa vipande viwili vitatu kwenye boksi. Nenda kabla ya saa saba mchana maana baada ya hapo vizuri vimeisha na mengine yanafunga mapema. Vya kuchagua bila wasiwasi wa nguruwe: samaki wa kukaanga aliyepakwa chenga za mkate, yai na uduvi, viazi (uliza kwanza kama havina bekoni juu). Epuka "leverpostej" na "frikadeller" za kawaida, hizo zina nguruwe.

Kingine ambacho wageni wanakipita bila kukijua ni duka la samaki la mtaani, "fiskehandler". Wengi wao wanauza kababu za samaki za moto, "fiskefrikadeller", na remulade na kipande cha limau. Mbili za hizo na mkate ni mlo kamili, na ndipo utakapoonja samaki wa Kaskazini kwa bei ya binadamu.

Na njia ya chini kabisa kwa bei ni Netto, Lidl, Rema 1000 au 365discount: nunua mkate wa rai na kopo la "makrel i tomat", vibua vya kopo kwenye nyanya. Usidharau. Watoto wa shule wanakula hii, maprofesa wanakula hii, kopo moja na vipande viwili vya mkate ukanyunyizia pilipili yako uliyotoka nayo nyumbani, utakaa mpaka jioni hujasikia njaa. Nenda nayo Islands Brygge kwenye nyasi kando ya maji, bandari ndio hiyo hiyo ya matajiri, na pale kuna bwawa la kuogelea baharini ambalo ni bure.

Hatua ya 6: Jioni ndio saa ya kuvuna

Wenzetu hawa wana sera na moyo wa kutotupa chakula, na hili limewaingia kweli, sio matangazo. Programu ya simu ya Too Good To Go ilianzia hapahapa Copenhagen mwaka 2015. Unaipakua, unaweka kadi, unatafuta duka karibu na ulipo, unalipia kifurushi cha vilivyobaki kwa sehemu ndogo ya bei, alafu unaenda kuchukua kwenye dakika zile zilizoandikwa, ukichelewa umekosa. Humo ndani hujui utakuta nini mpaka ufungue. Ushauri wangu ni chagua maduka ya mikate au ya mboga na matunda, utapata mfuko wa mikate na keki wa kulisha watu watatu kesho asubuhi, na unakwepa hofu ya nyama usiyoila ambayo kwenye vifurushi vya bufee za hoteli ipo. Vizuri huwa vinaisha mapema kwa hiyo angalia mchana, sio saa ya njaa.

Supamaketi nazo, pita jioni uangalie stika za njano kwenye vitu vinavyokaribia tarehe. Kuku, saladi, mtindi, vinashuka sana, na vinafaa kabisa kuliwa siku hiyo.

Maduka ya mikate yana siku zake pia. Sankt Peders Bageri, lipo katikati ya mji na linajulikana kuwapo toka 1652, Jumatano wanauza mikate mikubwa ya mdalasini iliyoviringishwa kwa bei ya chini kuliko siku nyingine, inaitwa onsdagssnegl. Kimoja na chai yako ya chupa, asubuhi imekwisha.

Hatua ya 7: Kaa meza moja na wenyeji

Folkehuset Absalon, Sønder Boulevard mtaa wa Vesterbro, lilikuwa kanisa, toka 2015 ni nyumba ya watu wote. Kila jioni saa kumi na mbili wanapika chakula kimoja, mnakaa kwenye meza ndefu watu msiojuana, mmoja wa kila kundi anaenda kuchukua mabakuli jikoni, mnagawana, mkimaliza mnaondoa vyombo wenyewe. Bei yake haifikii hata nusu ya mgahawa wa kawaida na siku za katikati ya wiki ni nafuu kuliko wikiendi. Nunua tiketi mapema mtandaoni maana inajaa. Sio chakula cha mtaani kwa maana ya kibanda, najua, ila kwa mtu aliyekuja peke yake na hajaongea na mtu siku mbili, hakuna pengine mjini ningemtuma. Sisi tumezoea kula sinia moja na huku ndipo utakapoona Wadenmark nao wanaweza.

Vitu vidogo vinavyookoa hela

Maji: kunywa ya bomba, ni safi kabisa, tembea na chupa yako. Mgahawani uliza kwanza, kuna wanaotoza hata glasi ya maji ya bomba.

Chupa na makopo: ukinunua soda, kaunta wanaongeza dhamana inayoitwa pant, krone 1 kwa alama A, 1.50 kwa B, 3 kwa C. Hiyo ni hela yako, usiitupe. Rudisha chupa kwenye mashine ya supamaketi utapewa karatasi ya kulipia. Kama huna muda iache kwenye rafu ya pembeni ya pipa la taka mtaani, kuna watu wanaishi kwa kuziokota, usiwalazimishe wachimbe ndani ya taka.

Reffen: utaambiwa sana kuhusu hili soko kubwa la vibanda kule Refshaleøen, kwenye eneo la karakana ya zamani ya meli ya Burmeister & Wain iliyofungwa 1996. Lilifunguliwa 2018, linafanya kazi miezi ya joto, vyakula vya dunia nzima, machweo mazuri. Rahisi sio. Nenda mara moja, mkiwa wawili nunueni sahani moja moja tofauti mgawane, na mwende kwa boti ya usafiri wa umma, havnebus, inakubali tiketi ile ile ya basi na metro, hivo mnapata na safari ya bandarini bila kulipa watalii wanacholipa.

Malmö: ng'ambo ya daraja la Öresund upande wa Uswidi, treni kama dakika arobaini, falafeli za eneo la Möllevången zina sifa na bei yake iko chini ya Copenhagen. Lakini nauli inakula faida yote, kwa hiyo usivuke kwa ajili ya falafeli tu, ila kama unaenda kutembea basi usirudi bila kula pale. Beba pasipoti.

Na angalia kalenda. Sikukuu za Pasaka, Krismasi na mwaka mpya maduka makubwa yanafunga kwa sheria, mji unakuwa kimya na mgeni anaweza kulala njaa na kadi ina hela. Kama upo siku hizo nunua mkate, mayai na makopo ya vibua siku mbili kabla, na ukikwama kabisa nyoosha Nørrebrogade, wenye shawarma wengi Krismasi sio sikukuu yao na tanuru zinawaka.